Shajara ya mradi: kijitabu cha skrinishoti kwa makarani wa AMCOS, Mtwara

Agosti 11, 2025: Kazi yenyewe

Chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kimoja cha korosho upande wa Tandahimba kinataka kijitabu cha kuwaelekeza makarani wake kujaza daftari la wakulima kwenye Excel: jina, kilo, daraja, namba ya stakabadhi, kisha kutuma taarifa kwa barua pepe jioni. Makarani wengi ni wa msimu. Wanaingia Oktoba, minada ikiisha wanatawanyika, na mwaka unaofuata mafunzo yanaanza upya na sura mpya. Katibu, mzee mstaarabu asiyependa maneno mengi, hataki maelezo marefu.

"Mtaalamu, niwekee picha. Kijana akiona kwenye karatasi kile kile anachokiona kwenye kioo, hatanipigia simu saa tatu usiku."

Ameomba na ukurasa mmoja wa kuwafundisha makarani wenyewe kupiga skrinishoti, ili wakikwama watume picha inayosomeka. Msimu uliopita walikuwa wakiipiga picha skrini kwa simu, na zinamfikia zikiwa na mistari ya mawimbi na kivuli cha kichwa cha mpigaji.

Vifaa: laptopu ya chama yenye Windows 10, skrini ya inchi 15.6, pikseli 1366 kwa 768, pamoja na desktopu yangu ya dukani isiyo na UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Nitaandika hapa kila hatua ikiisha, ili anayetaka kufanya kazi kama hii asianze sifuri. Yaliyokwenda sawa nitayapita mbio.

Agosti 14: PrtSc peke yake

Njia anayoijua kila mtu ni kitufe cha PrtSc, kule juu kulia kwenye kibodi. Ukikibonyeza huoni kitu, ila picha ya skrini nzima imeshaingia kwenye ubao wa kunakili. Unafungua Paint au Word, unabonyeza Ctrl na V, inatokea. Kwa picha moja ya kumtumia mtu inatosha kabisa.

Kwa kijitabu ni mateso. Ukipiga picha ya pili, ya kwanza inafunikwa. Halafu ubao huo unakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hauko kwenye diski. Alasiri umeme ulikatika sura ya kwanza ikiwa imeshabandikwa kwenye Word bila kuhifadhiwa. Uliporudi, Word ilinipa nakala ya nyuma yenye picha chache za mwanzo, basi. Muuza chipsi wa jirani aliniona nilivyokaa akauliza kama nimefiwa.

Dawa ni kushika kitufe cha Windows pamoja na PrtSc. Skrini inafifia kufumba na kufumbua, na faili la PNG limeshakaa kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots, lenye jina na namba yake. Hakuna kubandika. Umeme ukikatika, ulichokwisha kupiga kipo. Kwenye laptopu ya chama PrtSc imewekwa kitufe kimoja na kazi nyingine, kwa hiyo lazima ushike na Fn. Kipimo ni kule kufifia: skrini isipofifia, jua hujapiga.

Kwa anayeng'ang'ania kubandika, kuna Windows na V. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe, na ukiiwasha inaweka historia ya vitu hadi 25 ulivyonakili. Ukizima kompyuta inafutika, isipokuwa ulivyovibana. Inasaidia, ila mimi siiwekei kazi ya mteja.

Agosti 19: Arifa za kikoba

Sura ya pili imepigwa, ikakataliwa. Windows na PrtSc inachukua kila kilicho mbele yake: saa ya kona, alama ya betri, na arifa yoyote inayochomoza. Picha ya hatua ya kuhifadhi faili ilitoka na ujumbe wa WhatsApp kwenye kona ya chini, mweka hazina wa kikoba akiwakumbusha wanachama marejesho, na majina ya wadaiwa mawili yanasomeka. Katika sura hiyo hiyo saa inaonyesha saa nne asubuhi, picha inayofuata saa kumi na moja jioni, na inayofuata asubuhi tena. Msomaji makini anaanza kujiuliza kama kazi hii inachukua siku nzima.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, nimezima arifa kwa Focus assist, nikachagua Alarms only. Pili, kwa picha nyingi nimehamia Alt na PrtSc, inayochukua dirisha lile tu unalolifanyia kazi na kuacha saa na upau wa chini. Hii nayo inaishia kwenye ubao wa kunakili, kwa hiyo tumerudi kulekule kwa kubandika. Ukitaka dirisha moja na faili kwa pamoja, bonyeza Windows, Alt na PrtSc: inapitia ule upau wa michezo wa Windows, na picha inakwenda kwenye folda ya Videos, ndani ya Captures. Mahali pa ajabu pa kuweka picha, lakini ukishajua huhangaiki.

Kuna mtego uliozaliwa na marekebisho ya kwanza. Windows, Shift na S ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kukata kipande: skrini inafifia, unavuta kipanya kuzunguka unachokitaka, unaachia. Kwenye Windows 10 kipande kinakwenda kwenye ubao wa kunakili, kisha kinachomoza kiarifa unachobofya ili kukifungua na kukihifadhi. Ukishazima arifa, hicho nacho hakichomozi. Kinajificha kwenye kituo cha arifa kule kulia. Nilidhani programu imeharibika, nikaiweka upya bure kabla ya kukikuta huko.

Agosti 22: Menyu zinazokimbia

Hapa ndipo makarani wanapokwama zaidi: orodha ya kushuka ya kuchagua daraja. Picha lazima ionyeshe orodha ikiwa wazi. Kidole kikigusa Alt, orodha inajifunga. Ukiacha ikiwa wazi ukaenda kubofya programu ya kukatia picha, inajifunga pia.

Kinachofanya kazi ni kuchelewesha. Kwenye Snipping Tool ya Windows 10 kuna Delay ya sekunde 1 hadi 5. Unachagua 5, unabofya New, unarudi Excel, unafungua orodha, unaondoa mikono. Sekunde zikiisha skrini inaganda na orodha iko wazi, unakata kipande chako. Sekunde 3 kwangu zilikuwa chache, maana laptopu ya chama inafungua orodha kwa mwendo wa kobe.

Jambo dogo: kishale cha kipanya hakitokei kwenye picha za PrtSc. Kama unataka kuonyesha pa kubofya, utachora mwenyewe.

Agosti 27: Kinasa hatua

Windows 10 ina programu iitwayo Steps Recorder, inayojificha. Unabonyeza Windows na R, unaandika psr, inafunguka. Unaianzisha, unafanya kazi yako kama kawaida, na kila ukibofya inapiga skrini yenyewe, inazungushia ulipobofya, na kuandika maelezo mafupi chini. Mwisho unapata faili la zip lenye kurasa zote. Nikaona kazi imekwisha.

Nilinasa mchakato mzima, kuanzia kufungua daftari hadi kutuma barua pepe. Nilipofungua, mwanzo haupo. Kwa kawaida programu hii inatunza picha 25 za mwisho tu, zilizotangulia inaziacha. Namba hiyo inaongezwa kwenye mipangilio yake kabla ya kuanza, siyo baada. Pia hainasi unachoandika kwa kibodi, jambo linalolinda siri lakini linaacha seli za kilo zikiwa hazina maelezo. Na kila picha ni skrini nzima, na arifa zake.

Uamuzi wangu: naitumia kama mfupa. Nanasa kwanza ili nijue hatua zote bila kuruka, naisoma, kisha napiga kila picha upya kwa mikono. Hatua tatu nilizokuwa nazifanya bila kufikiri zilijitokeza kwa njia hii, mojawapo ile ya kubofya nje ya seli kabla ya kuhifadhi. Anayeanza leo ajue kwamba Microsoft wameshatangaza kuiondoa.

Septemba 3: Picha ikifika kwenye karatasi

Chapisho la kwanza la rangi halikusomeka. Hesabu yake ni rahisi na ningependa ningeifanya mapema. Skrini ya inchi 15.6 ina upana wa sentimita 34 na nusu hivi. Ukurasa wa A5, ukitoa kingo, unabakiwa na sentimita 11. Picha ya skrini nzima inapungua hadi theluthi, na herufi ya milimita 3 inakuwa ya milimita 1. Mzee Katibu alivaa miwani, akaivua, akanirudishia karatasi bila neno.

Kuanzia hapo sipigi skrini nzima isipokuwa picha moja ya mwanzo wa sura, ya kumwonyesha mtu yuko wapi. Zilizobaki ni vipande. Kabla ya kupiga nakuza Excel hadi asilimia 150 na kuficha utepe wa juu, ili herufi ziwe kubwa ndani ya pikseli zilezile. Kuikuza picha baada ya kuipiga hakusaidii. Unapata ukungu mkubwa zaidi.

Ukungu mwingine ulitoka sehemu tatu tofauti, na nilizitafuta moja moja. Baadhi ya picha zilikuwa zimehifadhiwa kama JPEG, ambayo ni nzuri kwa sura za watu lakini inazungusha vumbi pembeni mwa herufi. PNG haipotezi kitu. Nyingine zilipita WhatsApp kutoka laptopu ya chama hadi kwangu, na WhatsApp inazibana. Ukizituma kama dokumenti zinafika zilivyo, na flashi ni bora zaidi. Ya tatu ni Word, ambayo kwa kawaida inapunguza ubora wa picha inapohifadhi faili. Nenda File, Options, Advanced, kwenye Image Size and Quality, uweke alama ya kutobana picha, na ufanye hivyo kabla ya kuingiza picha ya kwanza. Zilizokwisha kubanwa hazirudi. Inabidi uzibandike upya.

Septemba 12: Kisanduku kinachosogea

Ili picha zifanane na kazi halisi, chama kilinipa daftari la msimu uliopita. Majina ya wakulima, namba za simu, akaunti za benki, vyote vimo. Nilifunika safu hizo kwa visanduku vyeusi ndani ya Word na kumtumia faili dada mmoja wa ofisini alisome. Jioni akaandika: "Kaka, mbona hiki kisanduku chako kinasogea?"

Alikivuta kwa kipanya tu. Chini yake akaunti zinasomeka herufi kwa herufi.

Nikajaribu kukata picha ndani ya Word ili safu ile isionekane. Nayo ni danganya toto: Word inaficha, haikati. Mwenye faili akibofya Reset Picture & Size, yote yanarudi, mpaka uende Compress Pictures na kuagiza maeneo yaliyokatwa yafutwe. Kalamu ya kuangazia, hata ukiipaka rangi nzito, inapitisha mwanga. Ongeza mwangaza wa picha na tarakimu zinajitokeza. Kutia ukungu sikuamini tangu mwanzo. Tarakimu ni kumi tu, mwandiko wake unajulikana, na mtu mwenye subira anaweza kulinganisha.

Hata kukata kwa programu yenyewe ya picha kumewahi kuwa na tobo. Machi 2023 iligunduliwa kwamba zana ya kukatia picha ya Windows, ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili lilelile, ilikuwa inaacha data ya kile ulichokikata mwishoni mwa faili, na mtu angeweza kukirudisha. Kasoro kama hiyo ilikutwa kwenye simu za Pixel. Microsoft walitoa marekebisho mwezi huohuo, lakini picha zilizokatwa kabla ya hapo bado ziko kwenye makundi ya watu.

Ukitaka kufunika kweli, fungua PNG kwenye Paint, chora mstatili uliojazwa rangi nyeusi, hifadhi kwa jina jipya. Hapo pikseli za zamani zimekufa. Ila kwa kijitabu kinachosambazwa nimeona kufunika ni kazi isiyo na faida. Nimetengeneza daftari la uongo: Mkulima A, Mkulima B, akaunti zenye sifuri tupu, kilo za kubuni, na nimepiga picha zote upya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na akaunti ya mkulima si kitu cha kuzurura kwenye fotokopi. Mzee Katibu alipoelezwa hili alikubali papo hapo, na akaomba lile faili la zamani lifutwe mbele yake.

Septemba 20: Jaribio Tandahimba

Nimekwenda na nakala za majaribio. Zimetolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, maana ndivyo zitakavyotolewa huko kila mwaka.

Kijana aliyekuwa karani msimu uliopita alikaa na laptopu, kijitabu kushoto, kidole cha shahada kikitembea kwenye karatasi. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu maandishi yanasema "bofya palipozungushiwa duara jekundu". Kidole kikasimama. Akageuza kijitabu kuelekea dirishani, akakisogeza karibu na macho, akaniangalia. Duara jekundu kwenye fotokopi ni kijivu, na Excel yenyewe imejaa mistari ya kijivu. Akabofya alipodhani, akafuta safu nzima ya kilo. Ctrl na Z ikatuokoa.

Nimebadilisha alama zote. Sasa kila pa kubofya pana duara dogo jeusi tii lenye namba nyeupe ndani, 1, 2, 3, na maandishi yanataja namba, hayataji rangi. Picha mbili nilizokuwa nimezipiga kwenye mandhari ya giza nimezitupa. Kwenye fotokopi zilitoka kama lami, na zinakula tona ya watu.

Ukurasa wa skrinishoti ulifaulu bila mimi kufungua mdomo. Nimewapa njia moja tu, Fn na Windows na PrtSc, na mchoro wa folda ya Screenshots. Nilikuwa nimepanga kuweka njia tano. Karani mwenye foleni ya wakulima nje hachagui kati ya njia tano.

Kula Tandahimba ilikuwa ming'oko ya kuchemsha na chai. Nauli na chakula vimo kwenye gharama.

Septemba 26: Mengineyo, kwa ufupi

Ukurasa mrefu wa mtandaoni, ule wa kusogeza chini, usiupige vipande vipande. Kwenye Firefox bofya kulia, chagua Take Screenshot, kisha ukurasa mzima. Edge nayo inafanya hivyo kwa Ctrl, Shift na S.

Mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuchapa ripoti aliuliza kuhusu MacBook yake. Command, Shift na 3 ni skrini nzima. 4 ni kipande, na ukibonyeza upau wa nafasi baada ya hapo inachukua dirisha. 5 inaleta upau wenye chaguo zote, pamoja na kuchelewesha. Faili linakaa kwenye desktopu. Kwenye Ubuntu, kuanzia toleo la 22.04, PrtSc inafungua zana ya kuchagua kipande, dirisha au skrini nzima, na picha inahifadhiwa yenyewe.

Oktoba 6: Uchapaji na hesabu

Kijitabu kina kurasa 28 za A5, yaani pande 14 za A4, zimekunjwa katikati na kupigwa pini. Gharama kwa shilingi:

Bando la intaneti 5,000. Majaribio ya rangi yaliyoharibika, kurasa 24 kwa 500 kila moja, 12,000. Safari ya Tandahimba 24,000. Nakala 5 za majaribio 7,000. Nakala 30 za mwisho, pande 14 kwa 100, zimekuja 42,000. Majalada ya karatasi ngumu 15,000. Jumla 105,000, bila kuhesabu kazi yangu.

Zile 12,000 za rangi hazikuwa na sababu. Kitu kitakachoishia kwenye fotokopi kijaribiwe kwa fotokopi tangu ukurasa wa kwanza.

Oktoba 15: Windows 10 imefika mwisho

Jana, Oktoba 14, Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10. Laptopu ya chama itaendelea kuwaka, ila masasisho ya usalama ya kawaida yamekoma, na haina sifa za kupandishwa kwenda Windows 11. Mzee Katibu anazungumza na bodi yake kuhusu kununua nyingine kabla korosho hazijajaa ghalani.

Kurasa za Excel hazibadiliki. Ukurasa wa skrinishoti ndio unaoguswa. Kwenye Windows 11 mpya, PrtSc peke yake inafungua Snipping Tool badala ya kunakili kimyakimya. Anayetaka tabia ya zamani anaizima kwenye Settings, Accessibility, Keyboard. Kipande ukikata kinajihifadhi chenyewe kwenye Screenshots, kwa hiyo ule mtego wa arifa umekwisha, na kuchelewesha kuna sekunde 3, 5 au 10. Windows na PrtSc inabaki vilevile.

Nimechapa ukurasa wa 27 upya, matoleo mawili upande kwa upande, nikaupiga gundi juu ya ule wa zamani katika nakala zilizokuwa bado dukani. Zilizokwisha kwenda kijijini nimetuma karatasi zake kwa basi la asubuhi, pamoja na gundi.